Mstari Mwekundu kwenye Filta

Jumamosi, 1 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi wenye gari la haibridi, lile la injini ya petroli na mota ya umeme, ni kudhani kwamba injini inayopumzika haichakai. Wanaliona gari linatoka getini kimya kwa nguvu ya betri, injini imelala, wanajisemea: hii itadumu. Wanajidanganya. Injini ya gari la kawaida huamka asubuhi mara moja, hupata moto, hufanya kazi yake. Ya haibridi huamshwa, hulazwa, huamshwa tena, mara ishirini katika safari fupi, na mara nyingi hulazwa kabla haijapata moto wa kutosha. Injini baridi hutoa jasho ndani kwa ndani. Jasho hilo, pamoja na petroli ambayo haikuungua, huteremka kwenye oili, na oili huchafuka kabla kilomita hazijatimia. Ndiyo maana oili ya gari hili hubadilishwa kwa kalenda, kila miezi sita, hata kama limetembea kidogo.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na nne na bado naeleza mambo hata nisipoulizwa. Daftari hili namwandikia atakayeshika ufunguo wa gari hili baada yangu. Nitaliandika masika yote, kwa sababu mvua ndiyo mtihani wa gari.

Tulilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wawili. Kazi yake kubwa ni moja: kila Jumanne na Ijumaa kumpeleka mke wangu kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zake zimeacha kazi, huu mwaka wa nne. Mashine ni chache na kila mgonjwa ana saa yake. Ukichelewa, kiti anapewa mwingine. Mwenyewe huliita gari hili figo yake ya tatu.

Tangu nianguke na kuvunjika nyonga, Juni mwaka juzi, siwezi kupiga magoti wala kuinamia boneti. Mdogo wangu anaishi nasi kwenye chumba cha uani. Mtaa mzima unamwita Kapteni, kwa kuwa aliendesha malori ya safari ndefu miaka ishirini. Yeye ndiye dereva wetu, na yeye ndiye hulipeleka gari kwa fundi wangu wa zamani. Mimi nanunua oili na filta, maana fundi huyu hauzi vitu, mteja huja navyo. Kapteni anaondoka asubuhi, jioni gari linarudi na stika mpya kwenye fremu ya mlango: tarehe na kilomita. Naisoma, roho inatulia.

Kapteni nilimlea tangu ana miaka sita, baba alipofariki. Mimi ndiye niliyemshika mkono akajifunza kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Tumefika kliniki tukiwa na dakika kumi za ziada.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemwelekeza Kapteni asafishe kichujio cha feni ya betri. Betri kubwa iko nyuma, na hupumua kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha abiria. Watu huweka mikoba na makoti pale, wakaliziba pumzi, kisha wakashangaa betri inachemka. Kapteni alikuja amevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo.

"Glavu za nini? Hilo ni vumbi tu."

"Ni vumbi la umeme, kaka."

Nilicheka hadi nyonga ikauma. Jirani yetu muuza magodoro alikuwa anapita. "Mwalimu," akasema, "gari lako linakuja kama paka. Likinigonga nitajuaje?"

"Utajua," nikamjibu.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa barazani akimtazama Kapteni.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kubadilisha oili. Nilimkabidhi Kapteni kopo jipya na filta ndani ya boksi lake. Aliondoka saa mbili, akarudi saa kumi na moja.

"Fundi anakusalimia sana, kaka. Anasema gari hili litakuzika wewe."

"Mjibu kwamba halitakuwa na nafasi ya jeneza."

"Nitamfikishia."

Stika imeandikwa vizuri. Mwandiko wa fundi umenyooka siku hizi. Hata saba yake ina kistari katikati, kama ninavyotaka. Alikuwa mwanafunzi wangu kidato cha tatu. Kumbe ukifundisha kuna kinachobaki.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa.

Ijumaa, 21 Machi

Injini imetetemeka ilipoamka, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha ikatulia. Kapteni anasema ni petroli ya kituo kile cha karibu na daraja. Inawezekana.

Jumanne, 25 Machi

Imetetemeka tena. Mwenye kusoma haya ajue jambo moja: haibridi huficha ugonjwa. Katika gari la kawaida injini ikichoka utajua, kwa sababu gari litakosa nguvu. Hapa mota ya umeme inashika upande wa mwenzake aliyechoka, na dereva haoni tofauti. Unaendesha ukidhani wote wawili ni wazima.

Ijumaa, 28 Machi

Barabara ya chini imejaa maji. Tumezunguka. Dakika mbili kabla ya saa.

Jumanne, 1 Aprili

Leo kuna mlio. Injini inapoamka, kwa sekunde chache inasikika kama kokoto ndani ya kopo. Nilimwambia Kapteni asimame tusikilize. Akasema tutachelewa, na kweli tungechelewa.

Wakati wa kurudi nikamwambia, "Kesho mpelekee fundi asikilize."

"Fundi amesafiri, kaka."

"Kwenda wapi?"

"Kwao. Mama yake haendelei vizuri."

Nikamwagiza amfikishie pole. Mke wangu, kiti cha nyuma, aligeuza uso akatazama dirishani njia nzima. Nilidhani ni uchovu wa mashine.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika haya kabla sijavua nguo zilizolowa.

Tuliondoka mapema kwa sababu ya mvua. Tulipoanza kupanda kilima kabla ya mzunguko mkubwa, zile kokoto zikarudi na safari hii hazikukoma. Kisha ikawaka taa nyekundu yenye mchoro wa birika. Hiyo ni taa ya oili, na watu hawaielewi. Taa ile haikuambii kwamba oili imeanza kupungua. Inakuambia kwamba umechelewa.

"Zima!" nikasema.

Kapteni hakuzima. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka wakati kioo kimejaa ukungu wa baridi.

"Kaka, nikizima hapa shemeji hafiki."

"Zima injini, nasema! Unaiua!"

"Imekwisha kufa," akasema taratibu, na papo hapo ikagonga mara moja, kishindo kimoja kizito, ikanyamaza. Tulitambaa kwa betri kama mita mia tatu, kimya kabisa, mpaka betri nayo ikakata tamaa. Maji yalikuwa yanapita chini ya milango.

Sasa andika, mzee, andika na hili, kwa sababu nalo ni kweli. Kapteni alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akampa mgongo mke wangu. "Panda, shemeji." Akambeba mvuani mpaka barabara kuu, kilomita moja na zaidi, mimi nikifuata nyuma kwa mkongojo na mwavuli ambao haukumfunika mtu yeyote. Magari matatu yalitupita. La nne lilisimama.

Tulifika tumechelewa dakika hamsini. Muuguzi alitutazama tunavyochuruzika, akakunja uso kwa huruma, lakini kiti kilikuwa kimeshapata mtu. Akasema turudi Jumatatu asubuhi, na asinywe maji zaidi ya kikombe kimoja kwa siku.

Gari limevutwa mpaka gereji ya fundi. Kapteni alisisitiza lipelekwe kwingine. Nikamwambia nataka nimtazame fundi huyo machoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikodi gari nikaenda peke yangu. Fundi alikuwepo, hakuwa amesafiri. Aliniona, akaweka spana chini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Baki na shikamoo yako," nikasema. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nilipaza sauti ili wasikie. "Mara nne umebandika stika kwenye gari langu. Jana mke wangu amekosa mashine. Nimekukosea nini?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, akaliinua gari kwa jeki yake kubwa, akaniashiria nisogee. Akamulika tochi chini ya injini.

"Huu mstari ni wa nani, mwalimu?"

Juu ya filta ya oili kulikuwa na mstari mwekundu uliotoka kwenye kopo la filta ukapanda mpaka kwenye mwili wa injini. Ulikuwa umefifia lakini haujakatika. Niliujua mara moja. Ni rangi ya kucha ya mke wangu. Niliupaka mwenyewe, Machi mwaka juzi, kabla ya kuanguka, siku tulipobadilisha oili pamoja hapahapa. Nilitaka kujua kama filta inalegea kwa mtikisiko: ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika.

Filta mpya isingekuwa na mstari. Mtoto wa darasa la pili angenieleza hilo.

"Oili iliyobaki ilikuwa nusu kikombe," fundi akasema. "Nyeusi, nzito kama lami. Stika hizo si zangu. Zangu zina muhuri."

Nikaitoa ile ya mlangoni nikaisogeza karibu na macho. Saba yenye kistari katikati. Fundi akaniandikia saba yake kwenye ubao wa gereji, bila kistari. Nilikuwa namjua mtu mmoja tu niliyemfundisha kuandika saba namna ile akiwa bado hajui kuivuka barabara peke yake.

"Gari hili mara ya mwisho lilifika Septemba mwaka juzi," fundi akaendelea. "Kapteni alilileta. Nikamwambia anishikie taa. Akaziona zile nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa, akaruka nyuma mpaka akakanyaga ndoo. Nilicheka, mwalimu. Nilicheka vibaya, na wateja nao wakacheka. Mmoja akamwambia, 'Kapteni wa lori anaogopa waya?' Akageuza gari akaondoka. Nikajua umepata fundi mwingine."

"Lakini salamu zako nazipata kila mara."

"Salamu zipi?"

Kisha nikakumbuka na kumuuliza mama yake anaendeleaje.

Fundi aliinama kuokota spana yake. "Mama alifariki Novemba, mwalimu. Nilikutazamia msibani. Nilisema, mwalimu atakuja tu, hata kwa mkongojo."

Wateja kwenye benchi walikuwa wanatazama viatu vyao. Nilimwomba radhi mbele yao, kwa sauti ileile niliyomtukania.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Sikugonga mlango wa chumba cha uani. Kapteni alikuwa amekaa kitandani kama anayesubiri gari.

"Vitu viko wapi?" nikamuuliza.

Aliinama akavuta kutoka uvunguni. Makopo manne ya oili, hata moja halijafunguliwa kizibo. Filta nne ndani ya maboksi yake. Yote yamefutwa vumbi.

Angeuza ningemwelewa. Mwizi ana faida yake, unaweza kukaa naye ukaipima. Huyu hakupata chochote. Siku ya fundi alikuwa analiegesha gari nyuma ya uwanja wa mpira, anakunja kiti, analala mpaka jioni, anaandika stika, anarudi na salamu.

"Ulishindwa kuniambia unaogopa?"

"Ningekwambia, ungenieleza."

"Ndiyo, ningekueleza!"

"Saa nzima, kaka. Ungechora. Ungeniambia umeme unatoka wapi unakwenda wapi, na mwisho ungeniuliza, 'Umeelewa?' Ningesema nimeelewa. Na bado ningeogopa, na sasa wewe ungejua."

"Na zile salamu?"

"Ulikuwa unafurahi ukizisikia."

"Mama yake fundi amekufa tangu Novemba. Wewe Jumanne umenifanya nitume pole kwa mgonjwa."

Alifunika uso kwa viganja. Nilitoka, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshapata mkongojo na sikuuamini.

Jumapili, 6 Aprili

Alfajiri mke wangu alishindwa kulala chali. Maji yamepanda kifuani. Muuza magodoro alitoa pikapu yake. Kapteni alimbeba mpaka ndani ya hospitali. Amelazwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Amewekwa kwenye mashine asubuhi. Anapumua.

Jumanne, 8 Aprili

Rangi imemrudia usoni. Nilikaa kando ya kitanda nikamsimulia yote: gereji, mstari, makopo uvunguni. Nilitaka mtu wa kukasirika naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa shuka iliyokuwa haina kitu.

"Makopo niliyaona," akasema.

"Lini?"

"Mwaka jana, nikifagia chumba chake. Yalikuwa mawili. Nilimuuliza, akapiga magoti."

Nje ya dirisha watu walikuwa wanakimbia mvua. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alinijibu bila kulia, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Ungemwondoa. Wewe hupigi kelele, mwalimu, wewe unaondoa tu mtu. Na nyonga yako ile, ni nani angenipandisha zile ngazi za kliniki? Wewe? Niliona bora nikae kimya. Nikasema ni oili tu."

"Nilikueleza oili ni nini."

"Ulieleza. Sikuwa nasikiliza. Nani husikiliza yote unayoeleza?"

Miaka arobaini na moja ya ndoa. Kila nilipoisoma stika kwa sauti, nikaisifu, nikaipigapiga kwa kidole, alikuwa amesimama barazani anajua. Wawili ninaowapenda walinitazama nikiufurahia uongo, wakaniacha niufurahie. Nimerudi nyumbani kwa gari la kukodi. Sina la kueleza leo.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna.

Jumamosi, 12 Aprili

Mke wangu ametoka hospitali. Nilimtengenezea chai nikamwekea kikombe kidogo anachoruhusiwa. Tulizungumza kuhusu paa linalovuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Kapteni amehama. Sikumfukuza, nilipoamka chumba kilikuwa kimefagiwa. Amepanga karibu na soko. Makopo manne ameyapanga barazani kwa mstari mmoja, kama wanafunzi walioadhibiwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi amepata injini ya gari lililogongwa nyuma, nzima, ya mwaka mmoja na yetu. Nilikwenda nyumbani kwake kabla ya kwenda gereji. Nilikaa na watu wake, nikamsikiliza akisimulia habari za mama yake. Sikueleza chochote.

Ijumaa, 25 Aprili

Injini inaunguruma vizuri. Naendesha mwenyewe sasa, nikiwa na mto chini ya nyonga. Tulipofika kliniki Kapteni alikuwa amesimama chini ya ngazi, amelowa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akamshika mke wangu mkono, wakapanda. Akamshusha saa nne baadaye. Akaondoka kwa miguu.

Jumanne, 29 Aprili. Ijumaa, 2 Mei. Jumanne, 6 Mei

Vilevile. Shikamoo, marahaba, ngazi.

Ijumaa, 9 Mei

Mke wangu amesema ndani ya gari, akitazama mbele, "Siku moja itabidi useme zaidi ya marahaba."

"Siku moja," nikasema.

Nimejiuliza njia nzima hasira yangu inakwisha lini. Nilimlea yule mtu, na katika miaka yote hiyo sikumfundisha kwamba anaweza kuniambia anaogopa. Hilo nalijua. Kulijua hakujapunguza chochote. Nikiona saba mahali popote, hata kwenye kalenda ya ukutani, nageuza macho.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha. Ardhi ya uani imekauka na gari limesimama mahali palipo sawa, injini baridi, kama inavyotakiwa.

Jana pale kliniki, baada ya marahaba, nilimwambia Kapteni, "Kesho asubuhi nakagua oili. Nahitaji mtu wa kunishikilia nikiinama." Alikuja saa moja. Hakuingia ndani, alisubiri kando ya boneti. Alinishika kiunoni kwa mikono miwili na mimi nikainama kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Nilisikia anatetemeka, macho yake yako kwenye nyaya za rangi ya chungwa. Sikueleza. Nikasema tu, "Hizo hatuzigusi." Akasema, "Sawa, kaka." Mke wangu alitoka na kichupa chake cha rangi ya kucha bila kuulizwa, akaniwekea alama nyekundu kwenye kijiti cha kupimia oili, mahali oili ilipofika.

Sijamsamehe. Na mke wangu bado sijamwambia kwamba nimemsamehe yeye, kwa sababu sipendi tena kusema kitu ambacho sijakipima.

Wewe uliyeshika ufunguo baada yangu, pengine kuna stika nzuri mlangoni na mtu mwema aliyekuletea salamu. Leo, kabla hujawasha gari, fungua boneti kwa mkono wako, vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena, ukitazame mwenyewe.